Negroni ya Mchango: Kunywa Mos Mos, Uliza Doh Inaenda Wapi

Kila Septemba kuna wiki moja yenye baa na restoranti kibao duniani zinaingia kwa form moja: koktel nyekundu inaitwa Negroni inamwagwa, na doh fulani inatolewa kwa mchango. Hiyo wiki inaitwa Negroni Week. Wasee wanakam kuchill tu kawaida, wanaitisha glasi, wanadishi, wanabonga, na wakirudi keja wamesaidia watu hawajawahi kutana nao. Hakuna mheshimiwa wa kungojewa masaa matatu, hakuna majina ya waliotoa kusomwa na maiki. Glasi, bili, mchango, kwisha.

Hii form inanibamba mbaya. Restoranti za Waitaliano zimeishika poa juu kwao kunywa na kudishi ni kitu moja, na ukishakalisha watu meza moja na sahani katikati, kuwaomba wachange ni rahisi. Lakini nadai tukae rada pia. Tao siku hizi imejaa posta za usiku wa hisani. Picha ya mtoto anacheka, jina la didjei kubwa, afu chini kabisa kwa maandishi madogo: sehemu ya mapato itaenda kwa wasiojiweza. Sehemu gani? Soo moja ama nusu ya bili? Wasiojiweza wa mtaa gani? Nani anashika hiyo doh, na tutajuaje imefika?

Hayo maswali si ya kuharibu sherehe. Ndio yanafanya sherehe iwe na maana. Na ukifuata risto ya Negroni mpaka mizizi, unapata watu wenye walianza kuuliza maswali kama hayo kitambo, wakiulizia kitu yenye iko ndani ya glasi.

Sawa kwa sawa kwa sawa

Tuanze na kinywaji yenyewe. Negroni ni jini, Campari na vermuti nyekundu, ile mvinyo imetiwa mitishamba na utamu. Mililita 30 kwa 30 kwa 30. Huhitaji digrii kukumbuka hiyo.

Bartenda mwenye anajua wera yake anaanza na barafu kubwa, juu zile ndogo ndogo zinayeyuka mbio na kufanya kitu iwe maji. Anamwaga zote tatu kwa glasi fupi pana, anakoroga na kijiko kirefu bila haraka mpaka glasi inatoka jasho nje. Afu anachukua chungwa, anachuna kipande cha ganda, anakikunja juu ya glasi. Ukiwa umekaa karibu na taa unaona vidoti vidogo vya mafuta vikiruka na kutua juu ya kinywaji. Hiyo harufu ndio inakufikia kwanza. Ukionja, utamu unatangulia, uchungu unafuata, na uchungu ndio unakaa. Huwezi kuipiga kama soda. Uchungu unakulazimisha uweke glasi chini, uongee na mwenye mmekaa naye, urudi tena baadaye.

Risto yenye watu wa Florence wanaipenda ni ya 1919. Camillo Negroni, mdosi wa ukoo wa makabaila, alikuwa anakunywa pale Caffè Casoni. Siku hiyo akachoka na Americano yake ya kawaida, yaani Campari, vermuti na soda. Akashow bartenda Fosco Scarselli aipee nguvu: atoe soda, aweke jini. Fosco akafanya hivyo, na badala ya limau akaweka chungwa ili glasi hizo mbili zisichanganywe. Wateja wengine wakaanza kudai ile ya Negroni, na jina likashika.

Vitu vya ndani ni wazee kushinda koktel yenyewe. Vermuti ya kisasa ilianza Torino mwaka wa 1786 kwa mikono ya Antonio Benedetto Carpano. Campari ilitengenezwa Novara mwaka wa 1860 na Gaspare Campari. Mwaka wa 1972, pale Bar Basso mjini Milano, Mirko Stocchetto akamwagia Negroni ya mteja mvinyo wenye mapovu mahali pa jini, na hapo ikazaliwa Negroni sbagliato. Ni ile yenye ilitrend TikTok mwaka wa 2022 baada ya Emma D'Arcy wa House of the Dragon kuitaja kwa intavyu.

Lakini kitu kubwa Waitaliano wametupea ni saa yenye wanakunywa. Wanaita aperitivo. Jua likishuka, kabla ya dishi ya usiku, watu wanakutana kwa glasi moja, na kando ya glasi lazima kuwe na kitu ya kutafuna: zeituni, jibini, vipande vya mkate. Ukidai kuandaa usiku wa mchango, shika hiyo desturi kabla ushike kitu ingine yoyote, juu tumbo likiwa tupu watu wanalewa mapema na mchango unasahaulika.

Venye doh inatembea

Negroni Week ilianza 2013. Wenye waliianzisha ni Imbibe, jarida la vinywaji la huko Portland, Marekani, wakiwa na Campari. Mwaka wa kwanza ilikuwa baa kama mia moja hivi. Miaka michache baadaye zilikuwa maelfu, kwa nchi kibao. Tangu ianze, mchango umepita dola milioni 3.

Mwanzoni kila baa ilikuwa inachagua shirika lake. Kutoka 2022 mchango unapitia Slow Food, muungano wa kulinda vyakula wenye makao Bra, mji mdogo wa Piemonte, kaskazini mwa Italia. Restoranti inajisajili, inatoa mchango wa kuingilia, afu inaweza kuongeza kulingana na venye imeuza.

Tufanye hesabu na doh ya huku. Tuseme glasi ni thao moja, na nyumba imesema wazi kwa menyu kwamba soo mbili za kila glasi zinaenda kwa mchango. Wasee 60 wakikam, kila mtu glasi moja, hiyo ni 12,000 kwa usiku mmoja. Ukirudia siku saba, ni 84,000. Kwa shule ya msingi huko ushago, hiyo inaweza kununua tenki la maji na mbegu za shamba, na hakuna mtu amekunywa zaidi ya glasi moja kwa usiku. Nguvu ya hii form iko kwa wingi wa watu na kwa ile namba imeandikwa. Mtu hahitaji kulewa ndio mchango upande.

1986: mwaka wenye mvinyo uliua

Slow Food haikuanza kama klabu ya wadosi wa kuonja jibini. Mwaka wa 1986 vitu mbili zilitokea Italia. Ya kwanza, McDonald's ilikuwa inafungua karibu na Piazza di Spagna mjini Roma, na watu wakatoka kupinga. Kati yao alikuwa Carlo Petrini, mwandishi wa kutoka Bra. Hiyo ndio risto yenye watu wengi wanaijua.

Ya pili ilikuwa chungu zaidi. Wafanyabiashara wa mvinyo wa bei ya chini, wengine wakiwa hapo hapo Piemonte, walikuwa wanaongeza methanoli kwa mvinyo ili kiwango cha pombe kipande bila gharama. Watu takriban 20 walikufa. Wengine walipofuka. Methanoli ikiingia mwilini inageuka sumu yenye inaanzia kwa mishipa ya macho.

Hapo mtu wa Nairobi hahitaji kuelezewa. Novemba 2000 hapa Mukuru, zaidi ya watu 100 walikufa juu ya pombe yenye methanoli. Februari 2024 huko Kirinyaga, watu wasiopungua 17 wakakufa baada ya kunywa kitu waliuziwa kama tei ya kawaida. Piemonte na Mukuru ziko mbali sana, lakini kilichoua ni kitu moja: mtu alidai faida, na mnunuzi hakuwa na njia ya kujua kwa glasi kuna nini.

Petrini na mbogi yake hawakusema watu waache mvinyo. Walisema mvinyo uwe na jina: nani alilima zabibu, kwa udongo gani, mwaka gani. Kufikia mwisho wa 1987 walikuwa wameshirikiana kutoa Vini d'Italia, kitabu cha kuwaongoza wanywaji wajue mvinyo mzuri unatoka kwa nani. Mwaka wa 1989 wakatia sahihi ilani ya Slow Food huko Paris. Na mwaka wa 2005 Petrini akaweka fikra zake zote kwa kitabu chenye maneno matatu: chakula kiwe kizuri, kiwe safi, kiwe cha haki. Kizuri kwa ulimi, safi kwa mwili na kwa ardhi, haki kwa mwenye ametoa jasho.

Mi nasema hayo maneno matatu yahame kutoka kwa sahani yakae pia kwa mchango. Usiku wa hisani uwe mzuri, watu wafurahie kweli. Uwe safi, doh ionekane kutoka kwa bili mpaka kwa mwenye anapokea. Uwe wa haki, asiumizwe mtu yeyote ndio mwingine asaidiwe.

Kiti cha juu iko na Mganda

Hapa ndio hii risto inarudi nyumbani. Julai 2022, Slow Food ilimchagua Edward Mukiibi kuwa rais wake, akichukua nafasi ya Petrini mwenyewe. Mukiibi ni mtaalamu wa kilimo kutoka Uganda. Mwaka wa 2006 alishirikiana na rafiki kuanzisha mradi wa mashamba ya shule huko kwao. Wenye tumesoma shule za huku tunajua shamba lilikuwa adhabu: umechelewa, shika jembe. Mradi wao ulikuwa wa kugeuza hiyo akili, mtoto apande sukuma na maharage, avune, adishi kile amepanda, na aone kulima ni job ya mtu mwerevu. Leo Slow Food iko na mtandao wa mashamba ya shule na ya jamii kwa nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwa ndani.

Kenya pia iko na vyakula vyenye Slow Food imeweka kwa mpango wake wa kulinda vitu zisipotee. Kuna malenge ya Lare, Nakuru. Kuna kuku wa Mushunu wa Molo, wale wa shingo bila manyoya. Kuna chumvi ya matete ya mto Nzoia, yenye inatengenezwa kwa kuchoma matete, kuchuja jivu na maji, kisha kuchemsha mpaka chumvi inabaki. Kuna asali ya Waogiek wa msitu wa Mau.

Na kuna mala ya jivu ya Wapokot, na hii nadai uione vizuri. Mathe anachukua kibuyu kisafi, anamwaga maziwa ndani, anaacha yagande kwa siku kadhaa. Anatoa maji ya juu, anaongeza maziwa mengine, anatikisa. Kando, mti unaitwa cromwo umechomwa mpaka jivu likawa laini kama unga. Hilo jivu linaingia kwa maziwa. Yanabadilika rangi, yanakuwa kijivu kwa mbali, yanapata harufu ya moshi mtamu, na hayaharibiki mbio hata bila friji. Huo ni ujuzi wa vizazi, na ukikosa mnunuzi unakufa kimya.

Sasa fikiria restoranti ya Kiitaliano hapa Nairobi inaandaa usiku wa Negroni na hivi vitu ziko kwa meza. Mantova, kaskazini mwa Italia, wanajulikana kwa tortelli, pasta iliyojazwa malenge. Malenge ya Lare yanaingia hapo bila shida yoyote. Jibini ya pecorino inadishiwa na asali huko kwao. Asali ya Mau inakaa hapo poa sana. Mkulima anauza kwa bei yenye ameridhika nayo, mpishi anapata kitu ya kujivunia, mteja anadishi kitu hajawahi onja na inatoka hapa hapa Kenya. Kabla hata glasi ya kwanza iuzwe, doh ishafika kwa mtu wa shamba. Hiyo ndio hisani mi napenda kushinda zote, juu mkulima haombi kitu. Anauza.

Amatrice: euro mbili, sahani moja

Kama unadai kuona mchango wenye hauna maneno mengi, cheki venye Waitaliano walifanya 2016. Tarehe 24 Agosti usiku, tetemeko lilibomoa Amatrice, mji wa milimani katikati ya Italia. Karibu watu 300 walikufa kwa eneo hilo. Amatrice ndio nyumbani kwa amatriciana, tambi za nyanya, pecorino na guanciale, yaani nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa.

Wazo likasambaa mtandaoni karibu saa hiyo hiyo: restoranti ziweke amatriciana kwa menyu, na kila sahani itoe euro mbili. Moja inatoka kwa mteja, moja inatoka kwa mwenye restoranti. Inaenda kwa Msalaba Mwekundu wa Italia. Mamia ya restoranti yakaingia, ndani na nje ya nchi.

Angalia venye hiyo form iko wazi. Unajua ngapi. Unajua nani anatoa, na mwenye nyumba hajajificha nyuma ya mteja wake, naye ametoa yake. Unajua inaenda wapi. Na dishi yenyewe ni ya wale wenye wameumia, so kila mtu akiinua uma anajua anakumbuka nani. Namba mbili na jina moja, zinatosha posta nzima.

Upande wa mvinyo pia wako na mfano. Kwa kasri la Grinzane Cavour, hapo karibu na Alba, kuna mnada wa uyoga mweupe wa ardhini, tartufo, kila mwaka tangu 1999, na doh inaenda kwa hisani. Kutoka 2021 kukaongezwa mnada wa Barolo ingali kwa pipa: mtu ananunua mvinyo kabla haujakomaa, na kinachopatikana kinaingia kwa miradi ya jamii. Ni wazito wanacheza hapo, lakini rule ni ile ile. Bei inatajwa mbele ya watu, mwenye amenunua anaonekana, na mradi uko na jina kabla nyundo igonge meza.

Sisi tunajua kuchanga

Hii kitu si ngeni kwetu. Harambee tumezaliwa tukiipata. Shule, hospitali, karo, matanga, tumechangia zote. Tunajua pia venye harambee iliharibika, ikawa jukwaa la wanasiasa kurusha mamilioni yenye hakuna mtu anajua yametoka wapi.

Afu kukakam 2024. Maandamano ya Juni yalipoacha watu wameumia na wengine wamekufa, vijana walichanga mtandaoni kupitia M-Changa zaidi ya milioni 20 kwa muda mfupi, za bili za hospitali na familia za waliopoteza watu wao. Kitu ilinigusa hapo ni venye kila mtu alikuwa anadai hesabu. Imeingia ngapi, imetoka ngapi, nani amepata, iko wapi risiti. Hakuna mtu alikuwa mkubwa sana wa kuulizwa. Kizazi yetu imezoea kuona salio kwa simu, na haiwezi rudi tena kwa ile ya kuambiwa mtaletewa ripoti.

So restoranti yenye inadai mbogi ya sasa ikam kwa usiku wa hisani lazima ijue inabonga na hao watu. Weka namba ya till ya mchango kando na ya bili, ndio doh mbili zisichanganyike. Tangaza jumla usiku ule ule kabla watu waende. Siku chache baadaye, toa risiti ya mwenye amepokea, na picha ya kitu imenunuliwa. Hiyo haihitaji mhasibu wa bei kali. Inahitaji nia.

Na Waitaliano si wageni huku. Kanisa dogo la njia ya Mai Mahiu lilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka wa 1942. Pwani kwa Malindi, kituo chao cha San Marco ndio kilirusha setilaiti inaitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, na mpaka leo ukitembea Malindi utasikia vijana wa hapo wakimwaga Kiitaliano bila kukwama. Tumeishi nao, tumepika nao, tumefanya biashara nao. Kuchanga nao kwa meza moja ni hatua ndogo.

Haki inaanzia jikoni

Neno la tatu la Petrini ndio linasahaulika sana. Usiku wa hisani ni kazi mob kuliko usiku wa kawaida. Kuna weita amesimama masaa nane, kuna msee wa kuosha glasi nyuma, kuna dem wa mapokezi mwenye itabidi apate njia ya kwenda Kayole saa saba usiku. Kama hao hawalipwi masaa ya ziada juu eti ni ya hisani, mchango umetoka kwa mifuko yao bila wao kuulizwa. Mwenye nyumba atoe kwa faida yake, asitoe kwa jasho la watu wake. Tipu zibaki za mawaita. Na nauli ya usiku iwe kwa bajeti toka mwanzo.

Haki pia ni kwa wenye hawapigi tei. Wako wengi: wa dini, wenye wameacha, wenye wanameza dawa, wenye hawajawahi penda. Wape kitu yenye imefikiriwa, si soda ya chupa na pole. Italia wako na chinotto na Crodino, chungu na tamu, bila pombe. Huku tuko na ukwaju, tuko na rozela, tuko na tangawizi. Ukwaju na maji ya toniki, barafu kubwa, ganda la chungwa juu, na soo mbili zile zile kwa mchango. Huyo mtu amechanga sawa na mwingine, na picha yake iko freshi vile vile.

Na haki ni kurudi keja salama. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 inatoa glasi tano za kawaida, so ukiandaa usiku wa kuonja mvinyo tano au sita, mimina kidogo kidogo, weka maji kwa kila meza, weka mkate. Glasi ya mtu isiachwe peke yake, juu mchele uko, na wenye wanaweka watu mchele wanapenda mahali watu wamelegea. Mwenye amekam na gari na amekunywa, aiache. Chini ya miaka 18 asiuziwe. Ukichangisha doh ya hospitali afu mtu mmoja kutoka kwa meza yako aishie hospitali, hesabu ya huo usiku haiwezi simama.

Septemba ikifika

Huhitaji kungoja mwaliko. Kama uko na restoranti, hata ndogo ya meza sita na oveni moja ya pitsa, unaweza kuingia Negroni Week, ama uandae usiku wako mwenyewe na shule au kikundi yenye unakijua kwa macho. Kama wewe ni mteja, nguvu iko kwa mkono wako zaidi ya venye unadhani. Kabla uitishe glasi, uliza mwenye anakuhudumia vitu tatu. Ni ngapi ya hii glasi inaenda kwa mchango? Inaenda kwa nani, kwa jina? Na nitaona wapi kwamba imefika?

Uliza na heshima, bila fujo, venye ungeuliza samaki ametoka ziwa gani. Mahali wamejipanga, watakujibu kabla umalize swali, na pengine watakuletea karatasi yenye imeandikwa kila kitu. Hapo itisha, leta mbogi, rudi kesho yake, sambaza jina lao mtaa mzima, juu wamefanya kitu ngumu wakaifanya vizuri. Na mahali hawana jibu, lipa bili yako, shukuru, na mchango wako upeleke kwa wenye wanalo.